Mwana Asiyejibu

Tenzi mbili za wosia ambazo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana nazo, moja ya mwanamke wa upande wa Lamu na nyingine ya mwanamume wa Tanga, zinaanza kwa tendo lile lile. Mzazi anamwita binti, anamketisha, anamwambia aandike. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama anamtaka bintiye Mwana Hashima asogee na wino na karatasi. Katika Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert, uliotungwa katika karne iliyofuata, baba anamtaka binti akae kitini na ashike kalamu. Baada ya hapo mzazi anasema mpaka mwisho. Beti zinapita moja baada ya nyingine: dini, adabu, ulimi, majirani, mume, nyumba. Binti ndiye mwenye kalamu, lakini maneno yanayoshuka kwenye karatasi si yake.

Nilikutana na tenzi hizi shahada ya kwanza, na sasa niko nazo tena kwa ajili ya tasnifu ya uzamili. Maswali tuliyoulizwa ni yale mnayoyajua: jadili dhamira, fafanua nafasi ya mwanamke, onesha matumizi ya vina na mizani. Siku darasa lilipochangamka zaidi tulibishana kama Mwana Kupona alimfundisha bintiye utumwa wa ndoa au alimpa mbinu za kuishi ndani yake. Ni ubishi mzuri, na sidhani kama utaisha leo. Ila katika ubishi wote ule sikumbuki mtu aliyeuliza habari za yule aliyekuwa anaandika. Mwana Hashima alikuwa na umri wa kama miaka 17. Msichana wa miaka 17 anasikiliza beti 102 bila kunena neno. Anakubali? Amechoka? Analia kwa sababu mama yake anaumwa? Au alishajifungia moyoni zamani, na mkono tu ndio unaoandika?

Mtu anaweza kunijibu haraka kwamba naulizia kitu ambacho utanzu wenyewe haukuahidi. Wosia ni kauli ya upande mmoja. Anayekufa haombi mjadala. Ni kweli, na sina nia ya kumshitaki Mwana Kupona kwa kutoandika tamthilia. Lakini ukirudi kwenye beti zake za mwanzo utakuta jambo ambalo wengi tunalipita mbio kwa kuwa tunakimbilia mambo ya mume. Mama anasema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata kumwambia mwanawe neno jema. Ukimya wa kwanza katika utendi ule ni wa mama. Mtoto ameishi mwaka mzima nyumbani na mgonjwa asiyeongea naye, na baba yake, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa ameshafariki mwaka 1856. Ndipo siku moja anaitwa aje na wino.

Nikisoma hivyo, utendi unabadilika mkononi. Yale mausia marefu yanakuwa malipo ya deni la mwaka mmoja, yanalipwa yote kwa mkupuo. Mama mwenyewe anayaita hirizi, kitu cha kutiwa uzi na kuvaliwa. Hirizi haihitaji kujibiwa. Inafungwa mwilini na inafanya kazi hata aliyeivaa asipojua ndani imeandikwa nini. Naona huruma kubwa katika picha hiyo, na naona pia tatizo lake lote: mzazi ameshakata tamaa ya kumfikia mtoto kwa mazungumzo, anatafuta kitu cha kumfunga nacho shingoni.

Kwa Shaaban Robert hali ni nyingine kidogo. Huyu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka mingi ikiwa forodhani, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Utenzi wa Hati na mwenzake, Adili, ulioelekezwa kwa kijana wa kiume, vimo katika kitabu cha Maisha Yangu, na katika kitabu hicho hicho anasimulia kifo cha mkewe, Amina. Anayemfundisha binti namna ya kuwa mke, basi, ni mjane wa kiume. Katika pwani hii, kuanzia Tanga kushuka Pangani, Saadani, Bagamoyo hadi Mzizima, hiyo haikuwa kazi ya baba. Baba kumwambia binti mambo ya mwili wake na ya chumbani ni jambo ambalo hata leo lingemfanya mtu ainamishe uso. Shaaban Robert analifanya kwa lugha ya heshima sana, ya juu sana, na nadhani ule ujuu wa lugha ndio unaomsaidia asione aibu. Lugha imesimama katikati yao kama pazia. Binti anasikia sauti ya baba bila kulazimika kumtazama usoni.

Niseme sasa kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Mama yangu, anayeishi Magomeni ya Bagamoyo na kuuza samaki wa kukaanga, hajawahi kusoma utenzi hadi mwisho, lakini mwaka huu amekuwa akitunga karibu kila siku. Anamtumia mdogo wangu voisi za WhatsApp. Wako nyumba moja, katikati yao kuna ukuta mmoja wa tofali na pazia. Voisi ya dakika nne, ya dakika sita. Moja niliyosikilizishwa ilikuwa na dakika kumi na moja. Inaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, inaeleza kwa nini mama ameamua kusema leo, inapita kwenye shule, swala, marafiki, marehemu baba, bei ya mafuta ya kupikia, inarudi shule, halafu inafunga kwa dua. Kwa vigezo vya darasani ina muundo kamili wa utendi. Mdogo wangu anaisikiliza. Tiki zinageuka bluu. Hajibu.

Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Katikati ya mwaka jana alirudi kutoka shule ya bweni ya mkoa mwingine, akasema hatarudi kule, na hakusema zaidi. Amehamia shule ya kutwa. Anaoga, anakwenda, anarudi, anaingia chumbani. Chakula anapelekewa. Kilichomtisha mama kuliko vyote ni kwamba ameacha mpira, yeye ambaye tangu darasa la pili alikuwa harudi kutoka ufukweni mpaka afuatwe na fimbo. Katika ukoo kila mtu ana hukumu yake. Mjomba anasema mtoto wa kiume huwa hivyo, aachwe. Shangazi anasema ana kitu kimemkaa, apelekwe akasomewe. Jirani, bila kuulizwa, anasema bangi. Na mama ananipigia simu Dar es Salaam usiku: "Ongea naye wewe, nyie vijana mnajuana."

Ndiyo maana niliposoma tena zile tenzi sikuweza kuzisoma kama zamani. Nilikuwa natafuta ndani yake mtoto mmoja tu anayejibu.

Nilimpata Rosa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, kwa kawaida inasomwa kama riwaya ya malezi mabaya, na walimu wengi wameifundisha kama onyo: tazama mabinti wanavyoharibika wakibanwa sana, au tazama wanavyoharibika wakiachiwa. Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe, anagundua barua ambayo bintiye ameandikiwa na kijana aitwaye Charles, na anampiga kipigo kisichosahaulika. Wahakiki wamekaa sana kwenye kile kipigo. Mimi nakaa kwenye barua. Ndiyo karatasi ya kwanza katika maisha ya Rosa ambayo haikutoka kwa mzazi wala kwa mwalimu, na imetiwa mkononi mwa baba kama kielelezo cha kesi. Hakuna anayemuuliza Rosa barua ile ilimaanisha nini kwake. Kuanzia hapo anajifunza kwamba kilicho chake kikionekana kitatumiwa dhidi yake, na anaanza kuishi maisha mawili: moja la kuonekana nyumbani, jingine ambalo nyumbani hawatalijua mpaka limeshamwangusha.

Na tazama Kezilahabi anafanya nini mwishoni. Baba na binti hawapati kuzungumza wakiwa hai. Mwandishi analazimika kuwavusha wote wawili hadi ng'ambo ya kifo na kuwasimamisha mbele ya Mungu ndipo lawama zisemwe wazi, kila mmoja na zake. Kuna wanaouona mwisho ule kuwa umebandikwa, kwamba riwaya ya uhalisia imetoroka kwenye uhalisia wake. Nilikuwa nakubaliana nao kwa sababu za kiufundi, na bado nadhani sura ile imeandikwa kwa haraka. Lakini kama hoja ni sahihi kabisa. Kezilahabi ametafuta duniani, Ukerewe yote na shule zake zote, mahali ambapo Zakaria na Rosa wangeweza kukaa chini waongee, na hakupaona. Imebidi ajenge mahakama mbinguni.

Hapo ndipo tofauti ya riwaya na utendi inaponipa shida. Utendi unamheshimu mtoto kuliko Zakaria anavyomheshimu Rosa. Unamwita kwa mapenzi, unamwombea. Ila kwa upande wa sikio, Mwana Kupona na Zakaria wako karibu zaidi ya tunavyopenda kukiri. Wote wawili wanajua tayari mtoto anahitaji nini.

Mila za pwani hii zilikuwa zimeliona tatizo hili mapema kuliko waandishi wetu. Kwa Wazaramo na Wakwere, ambao Bagamoyo na vijiji vyake ni kwao, mwali alipovunja ungo aliwekwa ndani, na aliyemfundisha hakuwa mama yake. Alikuwa kungwi, au somo, au bibi. Mama mzazi aliwekwa kando kwa makusudi. Tumezoea kueleza jambo hili kwa neno moja tu, aibu, kana kwamba wazee walikuwa na haya tu. Naona kulikuwa na akili zaidi ya haya. Walijua kwamba mtoto ana mambo ambayo hawezi kumwambia mtu atakayemwona kila asubuhi kwa miaka kumi ijayo. Somo unamwambia, halafu anakwenda kwake. Bibi unamwambia, naye anageuza utani, na utani unaondoa uzito bila kuondoa ukweli.

Kuna kitu kingine katika mila hiyo ambacho kimenivutia zaidi, ingawa wanahistoria wa sanaa wamekizungumzia kuliko watu wa fasihi. Mwali wa Kizaramo akiwa ndani alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti. Haina mikono wala miguu. Sura imechongwa kidogo tu. Kilichochongwa vizuri ni kichwa na nywele zake zilizosimama, na matiti. Mwali alimtunza kama mtoto: alimwogesha, alimpaka mafuta, alimtengeneza nywele. Kwa kawaida sanamu hii inaelezwa kama alama ya uzazi, na bila shaka ndivyo. Lakini fikiria msichana yuko ndani wiki baada ya wiki, amekatazwa kupaza sauti, amezungukwa na watu wazima wanaomfundisha, na katika chumba hicho kuna mmoja tu asiyemfundisha kitu.

Sisemi tuwarudishe watoto ndani. Unyago na jando vilikuwa na ukatili wao, na waliosimulia vizuri ni wale waliokuwa wanaimba, si waliokuwa wanaumia. Tena kwa mdogo wangu mlango huo umefungwa: amezaliwa katika mji ambao jando limebaki safari ya asubuhi moja kwenda zahanati, na mjomba wake yuko tayari na hukumu kabla ya swali. Nasema tu kwamba kazi ya mtu wa tatu ilikuwepo, ilikuwa na jina na malipo yake, na tulipoiondoa hatukuweka kitu mahali pake. Tulimwachia mama kila kitu. Kisha tukamshangaa anapotuma voisi ya dakika kumi na moja.

Kwa hiyo naja kwenye kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo jibu zito zaidi lililowahi kutolewa na watu wa fasihi wa nchi hii, ingawa haimo kwenye orodha za vitabu vya kuhakiki kwa sababu si kitabu. Mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba, wote wa idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Wanafunzi walitafuta wenyewe matatizo yanayowakwamisha, wakayachambua, wakayageuza kuwa maigizo, nyimbo, ngonjera na ngoma, wakayacheza mbele ya wenzao, walimu na watu wa jirani, halafu mjadala ukafunguliwa na hatua zikapangwa. Baadaye FAWE, jukwaa la waelimishaji wanawake wa Afrika, liliuchukua mradi na kuupeleka nchi nyingine.

Kama mhakiki naanza na jina. Angalia kitenzi. Mzazi kwa mtoto aliyejifungia husema "sema", au akikasirika, "si useme!" Hiyo ni amri, na anayeamrisha amesimama nje yake. "Tuseme" inamwingiza anayeuliza ndani ya kundi la wanaotakiwa kusema. Halafu angalia mbinu. Msichana hasimami na kusema "mwalimu fulani ananifanyia hivi". Anacheza nafasi ya msichana mwingine ambaye mwalimu fulani anamfanyia hivi. Watazamaji wote wanajua, naye anajua kwamba wanajua, lakini mhusika amesimama mbele yake akimpokelea mishale. Ni lile pazia la Shaaban Robert, safari hii liko mikononi mwa mtoto. Yeye ndiye anayeamua alivute kiasi gani.

Nina shaka moja na Tuseme, na sitaki kuificha kwa heshima niliyonayo kwa waasisi wake. Mradi unaelekea hadharani. Tatizo linapata thamani likichezwa, likajadiliwa, likapangiwa hatua. Kwa matatizo ya shule, ya vyoo, ya unyanyasaji, ya ada, hadhara ndiyo nguvu. Lakini yapo mambo ambayo mtoto hataki yawe ya kundi, hata kwa kuazima mhusika. Mdogo wangu hangepanda jukwaani. Jukwaa lenyewe liko jirani kabisa: Bagamoyo ndipo kilipo chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho sasa tunakiita TaSUBa, na jioni ngoma za mazoezi zinasikika mpaka barabarani. Mama aligundua mwezi wa tatu kwamba saa za jioni alizodhani mtoto yuko tuisheni, alikuwa anakwenda kukaa upande ule kutazama watu wakifanya mazoezi. Hakuwa anapiga ngoma wala kuongea na yeyote. Mama alitaka kumfuata akamtoe. Nilimwomba amwache. Kwa nini mtu aache kumtazama mpiga ngoma asiyemuuliza maendeleo ya shule?

Filamu ya T-Junction ya Amil Shivji, iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017, imelielewa jambo hili vizuri kuliko kazi nyingine ninayoijua. Fatima amefiwa na baba ambaye hawakuwa karibu, na huzuni inayotarajiwa haiji. Nyumbani kuna mama, kuna msiba, kuna ukimya. Hospitalini anakutana na Maria, na Maria hamuulizi kitu. Maria anasimulia. Anasimulia habari za watu wa njia panda, wauzaji na wapita njia, mapenzi yao na jinsi walivyovunjiwa maisha, na Fatima anarudi kusikiliza. Kuna watazamaji waliolalamika kwamba Fatima ni mhusika baridi, hafanyi kitu, anakaa tu. Nawaelewa, ukizoea tamthilia zetu za televisheni ambamo kila hisia inapigiwa kelele, Fatima anaonekana kama kiti. Lakini kusikiliza ndiko kunakomfungua. Anapewa uchungu wa mtu mwingine aushike kwanza, na kwa kuushika anaanza kuutambua wake. Ni kinyume cha wosia kwa namna fulani, ingawa hapa pia mmoja anasema na mwingine yuko kimya. Maria hasemi ili Fatima awe kitu fulani. Anasema kwa sababu yamemkuta.

Na sijawahi kumsikia mama yangu, katika voisi zote zile, akisema yaliyomkuta yeye. Tangu baba afariki anasema mtoto afanye nini. Hilo silisemi kumlaumu. Mwana Kupona naye ametaja maradhi yake kwa ubeti mmoja tu, kisha akaingia kazini.

Kilichotokea baadaye hakikutokana na uhakiki wangu, kilitokana na mguu. Kijana aliyekuwa akimbebea mama ndoo kutoka soko la samaki alipata kazi ya bodaboda, na mama ana mguu unaovimba. Akamwamsha mdogo wangu alfajiri. Hakumwambia mengi, alimpa ndoo. Wakawa wanashuka pamoja ufukweni, wanasimama kwenye mnada madau yakishusha, mama anagombea bei, yeye anahesabu chenji, wanarudi kabla jua halijawa kali. Njiani mama alimsimulia, kwa mara ya kwanza nadhani, jinsi alivyopata hasara mwezi ule wa matanga, jinsi alivyokopa kwenye kikoba na kuogopa kupita njia ya mwenyekiti wake. Mtu anayetembea na ndoo kichwani hawezi kugeuka kumtazama mwenzake usoni. Wiki ya tatu au ya nne, mdogo wangu akasema kilichotokea kule bwenini.

Sijui alisema nini. Nilimuuliza mama mara moja kwenye simu, akanijibu, "Kaniambia mimi." Nikanyamaza. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kujua kwamba kitenzi "ambia" hakisimami bila mtendwa. Mtu husema hewani, lakini huambia mtu. Ninachojua ni kwamba wiki ileile alimpeleka hospitali, na sasa wana siku yao ya kwenda kuonana na mtu wa afya ya akili, na kwamba karatasi yenye namba 116, ile ya simu ya msaada kwa watoto, imebandikwa kwenye mlango wa jokofu pamoja na kalenda ya msikiti. Ukimya mwingine ni ujana. Mwingine ni ugonjwa, au ni siri aliyoibebesha mtu mzima kwa vitisho. Huwezi kuujua ni upi kwa kuutazama nje, na mjomba wangu na ile "aachwe" yake angeweza kutugharimu sana. Mpira bado hajarudia. Voisi bado zinatumwa, ila fupi. Ya juzi ilikuwa inauliza kama vitunguu vimebaki, na ilijibiwa.

Narudi kwenye tasnifu, maana msimamizi wangu anasubiri sura ya tatu. Nataka kupendekeza kwamba tuache kusoma tenzi za wosia kama mafundisho yaliyofika salama. Tuzisome kama nusu ya mazungumzo, na tuanze kuulizia nusu ya pili ilikwenda wapi. Mwana Hashima aliishi miaka mingi baada ya mama yake, akaingia karne ya 20 akiwa mzee. Utendi ulinakiliwa, ukakaririwa na wanawake wa Lamu, ukachapishwa na wageni, ukafika madarasani. Katika safari yote hiyo yeye ameendelea kutajwa kama anwani kwenye bahasha. Wanafunzi wa ushairi wangeweza kupewa zoezi la kutunga jibu lake, kwa mizani nane na vina vilevile. Nililitaja zoezi hili kwenye semina na mwenzangu mmoja akasema jibu la binti wa miaka 17 lingekuwa ubeti mmoja tu, tena wa kuomba ruhusa aondoke. Tulicheka. Sina hakika kama alikuwa anatania.

Mwezi uliopita nilimsomea mama beti za mwanzo, yeye akiwa mbele ya karai, mimi kwenye kigoda nikimfafanulia maneno ya Kiamu yaliyomshinda. Alisikiliza mpaka pale pa wino na karatasi, akaniuliza huyo mwana alikuwa na umri gani. Nikamwambia kama miaka 17. Akageuza samaki, mmoja mmoja, upande wa pili.

"Basi alikuwa anamwangalia mama yake tu," akasema. "Anaumwa vile."